Minyoo ya Ng'ombe: Anza na Malisho, Kisha Dawa

Somo kwa kaya za wafugaji wa Salale na ukanda wa delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti



Mvua za masika zikishika, kaya nyingi hununua dawa ya minyoo na kunywesha kundi zima. Baada ya miezi miwili ndama wanarudia hali ile ile: manyoya yamesimama, tumbo limeshuka, mkia umechafuka kwa kuhara. Hapo dawa hulaumiwa. Lakini hata dawa nzuri haiwezi kusaidia kwa muda mrefu ikiwa ng'ombe aliyenyweshwa asubuhi anapelekwa mchana kwenye nyasi zile zile zilizomwambukiza. Dawa huua minyoo iliyomo mwilini siku ile. Minyoo iliyo kwenye nyasi inabaki palepale ikisubiri kuliwa.

Somo hili linaeleza jinsi ya kupanga malisho ili ng'ombe, hasa ndama, wale nyasi zenye minyoo michache. Kazi hii inahitaji mpango, macho ya mchungaji na makubaliano na jirani kuliko fedha.

KWA NINI HUKU KWETU MINYOO NI MINGI

Wafugaji wengi wa Rufiji na Kibiti, au wazazi wao, walitoka mbali. Wengine walifika baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, na wengine wana asili ya Shinyanga, Mwanza, Manyara au Arusha. Katika nchi kavu jua kali na ukame husaidia kusafisha malisho. Delta ni nchi nyingine. Kuna joto mwaka mzima, mvua za vuli na masika, umande mzito, na maji ya mto yanayotuama bondeni. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyokumba Rufiji na Kibiti yalituonyesha jinsi maji yanavyoweza kutapakaa hadi kwenye mashamba na makazi.

Joto na unyevu ndivyo mnyoo anavyovitaka. Kwa hiyo ujuzi wa kuchunga tuliorithi kutoka nchi kavu ni mzuri, lakini lazima uongezewe mambo machache ya nchi ya maji.

MINYOO YA KUIFAHAMU

Minyoo duara ya tumbo na utumbo. Ipo ya aina nyingi. Mbaya zaidi ni ile inayonyonya damu katika tumbo la nne la ng'ombe. Mnyoo mmoja hunyonya kiasi kidogo sana cha damu, lakini minyoo 1,000 inaweza kumaliza karibu mililita 50 kwa siku, yaani kikombe kidogo cha kahawa. Kwa ndama hiyo ni hasara kubwa kila siku.

Minyoo bapa ya ini. Ina umbo la jani. Huishi ndani ya ini na hupitia kwa konokono wa maji baridi. Ng'ombe wakubwa pia huathirika nayo.

Minyoo mikubwa ya ndama wachanga. Hii ndama huipata kupitia maziwa ya mama yake katika siku za mwanzo. Malisho hayawezi kuizuia, kwa hiyo ndama apewe dawa akiwa na umri wa wiki 2 hadi 3, kwa ushauri wa Afisa Mifugo.

Ng'ombe mzima aliyelishwa vizuri hujenga kinga dhidi ya minyoo duara. Anayo michache na haionyeshi madhara. Anayeumia ni ndama na mtamba tangu anapoanza kula nyasi hadi afikishe kama mwaka mmoja na nusu, na ng'ombe aliyekonda au aliyezaa karibuni. Kwa sababu hiyo mpango wote wa malisho huanzia kwa ndama.

HESABU TATU ZA KUKUMBUKA: SIKU 7, WIKI 3, WIKI 6

Mnyoo jike ndani ya tumbo hutaga mayai mengi kila siku, na yule mnyonya damu hutaga elfu kadhaa. Mayai hutoka na kinyesi. Kuanzia hapo mambo huenda hivi:

Siku 7. Wakati wa mvua na joto, yai huanguliwa ndani ya bonge la kinyesi na kutoa lava, yaani mnyoo mchanga asiyeonekana kwa macho. Katika muda wa kama siku 7 lava huwa tayari kuambukiza. Hutoka kwenye kinyesi kwa maji ya mvua na kupanda kwenye majani yaliyo karibu. Nyingi hukaa sehemu ya chini ya nyasi, karibu na udongo.

Wiki 3. Ng'ombe akila lava hizo, huchukua kama wiki 3 kuwa minyoo mizima inayotaga mayai, na mzunguko unaanza upya.

Wiki 6. Lava iliyo kwenye nyasi haiwezi kula. Inaishi kwa akiba iliyo mwilini mwake. Katika joto la pwani akiba hiyo huisha haraka, na lava nyingi hufa ndani ya wiki 6 hadi 8 ikiwa hakuna ng'ombe wa kuzila.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya mfugaji. Ukiondoa ng'ombe kabla ya siku 7 na kutowarudisha kabla ya wiki 6, lava nyingi zitakufa zikisubiri. Katika visiwa vya Tonga, bahari ya Pasifiki, ambako kuna joto na mvua kama kwetu, watafiti waligawa malisho ya mbuzi vipande 10, wakalisha kila kipande siku tatu na nusu na kukipumzisha karibu mwezi mmoja. Mbuzi hao walihitaji dawa mara chache kuliko wale walioachwa mahali pamoja.

Kuna tahadhari moja. Wakati wa kiangazi bonge la kinyesi hukauka juu kama ngozi, lakini ndani hubaki na unyevu. Lava hujificha humo, na mvua za kwanza za vuli zikinyesha hutoka kwa wingi. Kwa hiyo usiseme "jua limechoma, malisho yamesafika" kwenye eneo lililolishwa sana kiangazi.

HATUA ZA KUPANGA MALISHO

1. Waondoe ndama kwenye nyasi za karibu na zizi.
Ni desturi yetu kuwaacha ndama wachunge karibu na boma wakati kundi kubwa linakwenda mbali. Ni salama dhidi ya fisi na wezi, lakini kwa upande wa minyoo pale ndipo mahali pabaya kuliko pote. Mvua huosha kinyesi cha zizi na kukisambaza, nyasi hustawi kwa mbolea, na ndama hula chini kabisa, mahali pale pale, kila siku. Tenga eneo jingine la ndama, la juu, lisilotuama maji, ambalo ng'ombe wakubwa hawakulishwa kwa wiki 6 au zaidi. Likiwa umbali ambao mtoto anaweza kuwaswaga na kuwarudisha salama, linatosha.

2. Gawa malisho vipande 7.
Huhitaji waya wala uzio. Tumia alama zinazojulikana na kila mchungaji: mbuyu, kijito, njia ya gari, kichuguu kikubwa, mpaka wa shamba. Wakati wa mvua lisha kipande kimoja wiki moja, kisha hamia kinachofuata. Ukimaliza vipande 7, kile cha kwanza kitakuwa kimepumzika wiki 6. Ikiwa eneo ni dogo na huwezi kupata vipande 7, basi angalau tenga viwili kwa ajili ya ndama tu na uvibadilishe.

3. Ndama watangulie, wakubwa wafuate.
Kipande kilichopumzika kikifunguliwa, ndama na mitamba waingie kwanza wale ncha za nyasi. Ng'ombe wakubwa waingie nyuma yao. Wakubwa wana kinga. Wanapozila lava zilizobaki, nyingi hazikui tumboni mwao, na hivyo wanasaidia kusafisha.

4. Ondoa ng'ombe nyasi zikiwa na urefu wa ngumi.
Weka ngumi yako chini, kando ya nyasi. Nyasi zikiwa zimefika usawa wa ngumi, hamisha kundi. Chini ya hapo ndipo lava zilipojaa, na nyasi zilizoliwa hadi kwenye shina huchelewa kuota tena.

5. Subiri umande ukauke kwa ndama.
Lava hupanda kwenye jani lililo na unyevu. Ndama wabaki bomani wakikamuliwa na kunyonya, kisha watoke jua likishapanda. Akina mama wanaokamua wana neno kubwa hapa: ndama anayeachiwa maziwa ya kutosha ana nguvu ya kupambana na minyoo, na ndama aliyenyimwa maziwa huanza kula nyasi za chini mapema kwa njaa.

6. Shughulikia kinyesi cha zizi.
Zoa kinyesi na ukirundike mahali pamoja, upande wa chini wa mteremko, mbali na ndama na maji. Rundo likikaa miezi 2 hadi 3 na kugeuzwa, joto lake huua mayai na lava nyingi. Mbolea hiyo inahitajika na majirani wenye bustani na mashamba, na ni njia nzuri ya kujenga ujirani. Wale wadudu wanaoviringisha na kufukia kinyesi usiwaue. Wanavunja mabonge ambamo lava hukulia. Kumbuka kwamba ng'ombe aliyechomwa sindano ya ivermektini hutoa dawa hiyo kwenye kinyesi na kudhuru wadudu hao, hivyo isitumike ovyo.

BONDE, MPUNGA NA MINYOO YA INI

Minyoo ya ini ina safari yake. Yai likiingia majini huanguliwa, na kinachotoka lazima kimpate konokono wa maji baridi haraka au kitakufa. Ndani ya konokono huongezeka na kukaa wiki kadhaa, kisha hutoka na kujibandika kwenye majani yaliyo ukingoni mwa maji. Hapo hujifunika gamba gumu na kusubiri ng'ombe. Mnyoo ulioliwa huchukua kama miezi 3 kufikia utu uzima ndani ya ini.

Konokono hao hupenda maji baridi yanayotuama au kutiririka polepole: mabwawa, mifereji, majaruba ya mpunga, kingo za vijito. Hawastawi kwenye maji ya chumvi kuelekea mikoko. Hata hivyo, usikimbilie kuchunga mikokoni. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na kuingiza mifugo humo ni kosa.

Hatari kubwa ni kiangazi. Nyasi za juu zikikauka, kijani hubaki ukingoni mwa maji tu, na ng'ombe wote hujazana pale. Ndipo wanapoimeza minyoo ya ini. Watafiti waliofanya kazi Iringa, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005, walilinganisha mashamba makubwa ya ng'ombe wa maziwa, wafugaji wadogo wa maziwa na mifugo ya asili. Minyoo ya ini ilikutwa kwa wingi zaidi kwa mifugo ya asili, ambayo ndiyo hutegemea mabonde na maji ya wazi.

Fanya haya:

- Hifadhi kipande kimoja au viwili vya nyasi za juu kwa ajili ya Septemba na Oktoba, ili usilazimike kushuka bondeni na kundi zima.
- Ukilazimika kushuka, washuke wakubwa wenye afya. Ndama wabaki juu.
- Chota maji na kunywesha kwenye birika au mtumbwi mkuukuu, ng'ombe wasiingie bwawani. Wakiingia hunya majini na kuwapelekea konokono mayai. Bondeni kuna mamba pia, kwa hiyo faida ni mbili.
- Mabua ya mpunga yaliyolowa yana hatari sehemu ya chini iliyokuwa majini. Kwa makubaliano na mwenye shamba, yakatwe juu, yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, kisha yalishwe.
- Kila ng'ombe akichinjwa, omba kuona ini. Mirija iliyokakamaa na minyoo yenye umbo la jani ni taarifa ya kundi zima, na hulipii chochote kuipata.

KUTAMBUA MNYAMA MWENYE MINYOO

Mara moja kwa wiki mkague kila ndama. Funua ukope wa chini: ndani panapaswa kuwa na wekundu. Pakiwa peupe, damu imepungua. Papasa chini ya taya jioni, baada ya malisho. Uvimbe laini kama mfuko wa maji ni dalili ya minyoo mingi. Angalia kukonda, kuhara na manyoya yasiyolala.

Angalizo: si kila mnyama mweupe ukope ana minyoo. Nagana inayoletwa na mbung'o na ndigana baridi inayoletwa na kupe nazo hupunguza damu. Mnyama akiwa na homa, tezi zimevimba, anakohoa kwa shida, au ng'ombe wakubwa wengi wanakonda kwa pamoja, usinunue dawa ya minyoo kwa kubahatisha. Mwite Afisa Mifugo. Kinyesi kibichi kilichotolewa moja kwa moja kwa mnyama, kikafungwa kwenye mfuko safi na kuwekwa mahali pa baridi, kinaweza kupimwa maabara na kuonyesha mayai ya minyoo.

DAWA: NANI APEWE, KIASI GANI

Usinyweshe kundi zima kwa mazoea. Wape ndama na mitamba, waliokonda, na wenye dalili. Wakubwa wanene waachwe. Minyoo yao michache ambayo haijaonja dawa huchanganyika na ile sugu, na hivyo dawa hubaki na nguvu kwa miaka mingi. Ukinywesha wote na kuwapeleka mara moja kwenye malisho safi, mayai yatakayoangukia huko ni ya minyoo iliyoishinda dawa tu.

Soma nguvu ya dawa kwenye chupa. Kwa minyoo duara, kiasi cha kawaida cha albendazoli ni miligramu 7.5 kwa kila kilo ya ng'ombe. Mtamba wa kilo 200 atahitaji:

- Chupa ya asilimia 10: mililita 15.
- Chupa ya asilimia 2.5: mililita 60.

Anayempa mililita 15 kutoka chupa ya asilimia 2.5 amempa robo tu ya dawa. Minyoo haifi, inajifunza. Uzito usikisiwe kwa jicho. Tumia mkanda wa kupimia kifua. Kwa minyoo ya ini kiasi huwa kikubwa zaidi, miligramu 10 kwa kilo, na albendazoli huua ile iliyokomaa tu. Ng'ombe aliyetoka bondeni mwezi huu bado ana michanga ambayo haitakufa, hivyo muulize Afisa Mifugo kuhusu kurudia baada ya miezi 2 hadi 3. Ivermektini na levamisoli peke yake haziui minyoo ya ini.

Albendazoli asipewe ng'ombe aliye katika siku 45 za kwanza za mimba. Fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Ng'ombe mgeni aliyenunuliwa mnadani anyweshwe dawa na kubaki zizini siku 2 kabla ya kuchanganywa na wengine.

KALENDA YA MWAKA

Machi hadi Mei (masika): Zungusha vipande 7. Ndama juu, mbali na zizi. Kagua kope kila wiki. Huu ndio msimu wa kuokoa ndama.

Juni hadi Agosti: Endelea kuzungusha. Tenga vipande vya akiba ya kiangazi. Wape dawa ndama na waliokonda mvua zinapokatika.

Septemba hadi katikati ya Oktoba: Tumia akiba ya juu. Wachache tu washuke bondeni.

Oktoba hadi Desemba (vuli): Mvua za kwanza zikinyesha, ndama wasirudi mahali palipolishwa sana kiangazi. Waliotoka bondeni wapangiwe dawa ya minyoo ya ini.

Januari na Februari: Rekebisha mipaka ya vipande, hamisha rundo la mbolea, kaeni kikao cha malisho.

KAZI YA PAMOJA

Malisho yetu ni ya pamoja. Ukipumzisha kipande wiki 6 na jirani akaingiza ng'ombe wiki ya tatu, kazi yako imepotea na yeye pia amejipatia minyoo. Na ukihamisha kundi bila kupanga, unaweza kujikuta kwenye mpunga wa mtu. Ugomvi wa namna hiyo umeshagharimu sana pande zote mbili, kuliko minyoo.

Kwa hiyo mzunguko wa malisho upelekwe kwenye kikao cha wafugaji wa kitongoji, kisha Serikali ya Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inahusu kutenga na kutunza malisho. Mpango wa matumizi ya ardhi ukionyesha wazi malisho, mapito ya kwenda kwenye maji na mashamba, mfugaji anaweza kupumzisha nyasi bila hofu ya kuzikuta zimelimwa, na mkulima analala bila kulinda shamba usiku kucha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ndama wa boma lako wanachunga wapi leo? Kinyesi cha zizi hutiririkia upande gani mvua ikinyesha?
2. Taja alama 7 zinazoweza kugawa malisho ya kitongoji chenu. Nani atawaeleza wachungaji?
3. Mtamba wa kilo 150 ana minyoo duara. Atahitaji mililita ngapi za albendazoli ya asilimia 10? (Jibu: kidogo zaidi ya 11.)
4. Ni kipande gani cha juu mnaweza kukifunga kuanzia Juni ili kiwasaidie Septemba?
5. Mkulima gani jirani anahitaji mbolea, na mnaweza kukubaliana naye nini kuhusu mabua baada ya mavuno?

Wiki hii anza na jambo moja: wahamishe ndama kutoka nyasi za karibu na zizi. Kwa msaada wa kupima uzito, kuchukua sampuli ya kinyesi au kuchora mpango wa vipande, muone Afisa Mifugo wa Kata yako.